Hitima Niliyoituma Mansoura

Tanta, Ijumaa, baada ya swala ya adhuhuri

Mdogo wangu Safinaz,

Amani ikufikie hapo ulipo, wewe na mumeo Yusri na mwanenu Jumana, na Mungu awaongezee afya. Vipi shinikizo lako la damu? Na Yusri bado anaficha sigara zake kwenye kabati la viatu, au siku hizi ameamua kuvuta mchana kweupe? Jumana mwambie nimeipata picha yake ya mahafali, nimeiweka pale ninapoiona nikigeuza shingo.

Ukiuliza hali yangu, nipo. Miguu imevimba, nalala nimeketi, mito mitatu mgongoni, na kupanda kitandani ni safari. Daktari hasemi kitu, lakini ameacha kunikataza chumvi, na mimi si mtoto. Umm Hani wa ghorofa ya chini hunipandishia supu ya majani ya mulukhiya kila siku pamoja na matusi yake. Jana kaniambia, "Kula, wewe mwanamke! Usije ukafa na njaa watu wakasema jirani yake alikuwa bahili." Nikala vijiko vinne ili kumwokoa na fedheha.

Baada ya hayo, mdogo wangu, nije kwenye jambo lenyewe. Wiki iliyopita uliniuliza kwa simu kama nitakuwa na nguvu ya kurudia ushahidi wangu rufaa ya Ragai, aliyekuwa naibu wako, itakaposikilizwa, tarehe kumi na nane ya mwezi ujao. Ulisema mahakama ya kwanza ilimtia hatiani kwa sababu ya maneno yangu zaidi ya kitu kingine chochote, na kwamba akishindwa safari hii ataingia gerezani miaka mitatu. Nilikujibu kwamba sikusikii, simu ina mikwaruzo. Haikuwa na mikwaruzo, Safinaz. Nilikusikia mpaka pumzi.

Kwa hiyo nakujibu kwa kalamu, ambayo huwezi kuikatiza, nami siwezi kujifanya siisikii.

Ulizaliwa nikiwa na miaka kumi na mitano. Mimi ndiye niliyekufundisha jedwali la kuzidisha, umekaa ndani ya beseni la kufulia ukipiga maji kwa viganja kila ukipatia. Lakini kabla ya hapo kuna jambo ambalo mama hakupenda tulizungumze. Mwaka aliofariki baba, nafasi yangu ya kusoma uhandisi Iskandaria ilikuwa imeshatoka, na barua ninayo hadi leo. Niliiacha nikaenda chuo cha ualimu hapa hapa, kwa sababu mama asingeweza kubaki peke yake na mtoto wa miaka mitatu. Mtoto huyo ulikuwa wewe. Ulipofika umri wangu wa wakati ule ukapata nafasi ileile, kitivo kilekile, na mama akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja kunipongeza mimi, wakidhani nimeposwa.

Sikukuchukia. Laiti ningekuchukia, maana chuki mtu huiona na kuikemea. Wivu wangu ulikuwa mpole. Wivu huo ulikula nami sahani moja, ukakununulia zawadi za sikukuu, ukakushonea shela. Kila ulipopanda cheo niliwapigia ndugu simu mimi mwenyewe kuwapa habari, kisha nikakata simu nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Unakumbuka mwaka ule chama cha walimu wastaafu kilipokualika ukumbini kwetu? Ustadh Bahgat, mwenyekiti, alikuja hapa nyumbani, nami nikadhani amekuja kunipa tarehe yangu, kwani miezi sita nilikuwa nikiandaa mhadhara juu ya duara na pembe zake. Akanywa chai, akala biskuti zangu, akaniomba nikulete wewe. Nilipomkumbusha duara akacheka, akaniita Abla kama mnavyoniita nyote, wanafunzi wangu na wewe mdogo wangu, akasema, "Hilo tutaliweka mwezi wa nane, Abla, joto likizidi na watu wakitaka usingizi."

Ukaja. Ukavaa ile suti ya rangi ya zaituni, ukawaeleza wazee jinsi wezi wa mtandao wanavyofanya kazi, na wote wakakuelewa, hata Ustadh Bahgat ambaye hajui kuzima simu yake. Ulisema mwizi huyo ni kama mshenga mwovu. Kwanza haji nyumbani kabisa. Anakaa kwa muuza mboga na kwa mshonaji, anadadisi baba hutoka saa ngapi na mama anapenda nini, na akishajua mama anapenda keki ya basbusa, nusu ya kazi imekwisha. Kisha anakwenda kwake kuipika hiyo basbusa, na ndani anatia anachokijua yeye. Hatua ya tatu anaileta mlangoni. Ya nne, mlango unafunguliwa, na hapo ulinyanyua kidole ukasema hakuna kufuli lililovunjwa, ni mtu wa nyumbani aliyefungua kwa mkono wake. Akishaingia anakaa, anazoeleka kama kabati. Halafu anaanza kupeana habari dirishani na waliomtuma, wanamwamuru fanya hivi, gusa pale. Hatua ya saba ndiyo pekee mnayoiona nyinyi, binti hayupo na dhahabu haipo. "Watu hulia hatua ya saba," ulisema, "lakini mgeni huzuiliwa hatua ya tatu." Ukawapa sheria moja tu ya kukumbuka, kwamba kitu kikija kwa jina la mtu unayempenda, mpigie simu kwanza umuulize.

Ndipo mtu mmoja wa nyuma akauliza, "Na kwa Abla Dawlat wetu, mshenga aliishia hatua ya ngapi?"

Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Nawe ulicheka, kidogo, ukafunika mdomo kwa karatasi zako. Nilikuona.

Majira ya baridi yaliyofuata mama akafa. Tanzia ya gazetini niliiandika mimi, kama desturi yetu, kila jina na cheo chake na mahali pake pa kazi. Nilikutanguliza wewe kwa sababu ndivyo watu walivyotarajia. Kesho yake likatoka tangazo la vituo vyenu vya kusafisha figo, kisanduku chenye ukingo mweusi mnene. Mkurugenzi na wafanyakazi wote wanampa pole Mhandisi Safinaz, mkuu wa mifumo ya kompyuta, kwa kufiwa na mama yake mzazi. Chini yake majina kumi na mawili ya watu wa idara yako, la kwanza likiwa la Ragai, naibu wako. Langu halikuwemo. Miaka kumi na mmoja nilimgeuza mama ubavu huu na ubavu ule, nikamsafisha, nikamtafunia nyama, na gazeti likasema aliyefiwa ni wewe.

Kwenye matanga wanawake walijipanga kukubusu. Mmoja, sijui ni nani wa upande wa Yusri, alinishika mkono akaninong'oneza, "Dada, kahawa ndiyo hiyo? Mletee mhandisi, maskini, hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi." Nikakuletea. Ukaipokea bila kuinua macho, kwa kuwa ulikuwa unalia, na mimi nikarudi jikoni nikiwa nimekasirika hata na machozi yako.

Siku tisa baada ya mazishi niliandikiwa na mtu aliyejiita Dakta Nizar. Alisema anakusanya habari za wanawake wasomi wa jimbo letu kwa ajili ya kitabu, na kwamba ameziona tanzia zote mbili. Hakuanza na wewe. Alianza na mimi. Alikuwa amesoma maelezo yangu ya duara niliyoyaweka mtandaoni, yale ambayo hakuna aliyeyasoma ila Umm Hani, naye kwa kulazimishwa. Aliuliza swali juu yake, swali la mtu aliyeelewa. Safinaz, nilikuwa na miaka sabini na miwili, na sijapata kuulizwa swali la namna hiyo tangu nistaafu. Nilimjibu kurasa tatu.

Tuliandikiana karibu kila siku. Taratibu, baada ya duara, tukafika kwako. Nilimwambia kila kitu, na hakunivuta ulimi, niliutoa mwenyewe. Nilimwambia kwamba unajigamba huwezi kuibiwa, kwamba hufungui barua usiyoijua, ila ukimpigia mtumaji akakuthibitishia basi huulizi tena. Nilimwambia ya kuwa Ragai ndiye mwenye funguo za mifumo yote na ndiye anayeshughulikia mambo ya wafanyakazi, misiba na harusi. Nilimwambia arobaini ya mama inakaribia na kwamba wenzako wa kazini wametaka kusoma hitima. Akanijibu, "Dada yako ana bahati kuwa na mtu anayemjua hivyo." Nilisoma sentensi hiyo mara kadhaa, nikatamani angeigeuza, mwenye bahati niwe mimi.

Hayo niliyoyaeleza mpaka hapa huenda ungeyasamehe. Mzee mpweke amepatwa na tapeli, ungesema, na ungenilaumu kwa upole wako ule unaonichoma. Ndivyo nilivyokusudia uamini endapo ungewahi kugundua. Lakini barua hii haikuandikwa kwa ajili hiyo.

Siku tano kabla ya arobaini, Nizar alinitumia jedwali la hitima. Alisema amelitengeneza kwa heshima ya marehemu. Lilikuwa zuri, vyumba thelathini vya kijani, kila kimoja juzuu yake, msomaji achague na kuandika jina. Akaomba nikutumie wewe, kwa jina langu, kwa anwani yako ya kazini, ili wenzako nao wajiandikishe. Na akaeleza kwamba lisifunguliwe kwenye simu, bali kwenye kompyuta, na kompyuta ikiomba ruhusa ipewe. Nilimuuliza kwa nini. Akasema jedwali ni kubwa, simu haitalitosha.

Safinaz, nimefundisha hesabu miaka thelathini na sita. Vyumba thelathini vinaenea kwenye kiganja.

Nilikaa mbele ya lile jedwali kuanzia chai ya asubuhi mpaka adhana ya alasiri. Maneno yako ya ukumbini yalikuja yote, kwa sauti yako, na ile suti ya rangi ya zaituni. Mshenga alishauliza kwa muuza mboga, na muuza mboga nilikuwa mimi. Basbusa imeshapikwa. Sasa iko mkononi mwangu, na hii ni hatua ya tatu, na mgeni huzuiliwa hatua ya tatu. Nilijua. Sikujua ni nani wala anataka nini, lakini nilijua kitu hicho hakikuwa hitima tu. Nikakutumia.

Saa moja baadaye ukanipigia simu. Sauti yako ilikuwa na aibu. Ulisema, "Abla, usikasirike, ni mazoea ya kazi tu. Hii hitima ni yako kweli? Umeituma mwenyewe?" Sheria yako ileile. Ulifanya kila kitu sawasawa. Mlango ulikuwa umefungwa, nawe umesimama nyuma yake ukiuliza nani.

Nilikuambia, "Ni yangu. Kwani mama naye mpaka umkague?"

Ukalia. Ukaniomba radhi, mimi! Ukachagua juzuu ya kwanza kwa sababu mama aliipenda Baqara, kisha ukampelekea Ragai awaandikishe wengine. Alifungua kwenye kompyuta ya ofisini, akaipa ruhusa, kwa kuwa mkuu wake amesema imeshathibitishwa.

Nilitaka nini? Nimejiuliza miaka miwili. Nilitaka uteleze mara moja tu mbele ya watu, wakuone umekaa chini, halafu nikunyanyue mimi. Nilidhani itakuwa aibu ya siku mbili ofisini. Sikujua kwamba yule mgeni angekaa ndani siku kumi na tisa, kimya, akipokea amri na kuzoea vyumba vyenu vyote, na Jumamosi moja asubuhi vituo saba vifungue milango na kukuta kumbukumbu za wagonjwa zimefungwa kwa kufuli lisilo na ufunguo. Watu waliopaswa kusafishwa damu siku ile walirudishwa vijijini mwao. Mwanamke mmoja wa Dikirnis alipelekwa Kairo akiwa hajitambui. Mungu alimrudisha, lakini haikuwa kwa sababu yangu.

Siku hiyohiyo ukurasa wa Nizar ukatoweka, na jina lake nalo, na ile sifa yote ya duara langu. Nikafuta nilichobaki nacho. Maofisa wawili walipokuja, mmoja kijana mwenye adabu akiniita Mama Hajja, niliwapa chai nikawaambia kwamba mimi nilituma orodha ya kawaida tu, majina na juzuu, maandishi matupu, wala sijui jedwali lolote la kijani. Kwa hiyo ikabaki njia moja tu, kwamba orodha yangu ilibadilishwa baada ya kutoka kwako. Na baada ya kutoka kwako ilikuwa mikononi mwa Ragai.

Wewe uliliona lile jedwali kabla yake. Siku ya kwanza uliwaambia wapelelezi uliona vyumba vya kijani. Walipokusomea maneno yangu, ukarudi nyuma, ukasema labda msiba ulikuchanganya, kwamba dada yako hajapata kusema uongo maisha yake yote. Uliniamini mimi kuliko macho yako mwenyewe. Nilipoelezwa hilo nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilifurahi kwamba kwa mara moja tu neno langu limekuwa zito kuliko lako.

Jumanne iliyopita nilimpigia Ragai nikamwita. Alikuja kutoka Mansoura na begi la vifaa, maana siku hizi anatengeneza simu za watu kwenye kibanda cha shemeji yake. Amekonda. Umm Hani alimtazama akaniuliza kwa sauti ya juu kama huyu ni fundi wa friji. Ragai akacheka akamwambia, "Ndiyo, Hajja, nimekuja kupoza mambo." Umm Hani alipokwisha kuondoka nikamweleza Ragai, yote, kama nilivyokueleza wewe. Hakupiga kelele. Alisema, "Miaka miwili nimekuwa nikikumbuka upya kila nilichobonyeza siku ile. Nilishaanza kuamini kwamba labda ni mimi kweli."

Nikaanza kumwomba msamaha. Akaninyooshea kiganja. "Abla, hilo la msamaha liweke kwanza. Sema mbele ya mahakama ukiwa hai. Toba ya maiti hainitoi mimi gerezani."

Ana haki. Wakili wake amezungumza na mahakama, na karani atakuja hapa kitandani Jumatatu, saa nne asubuhi, kuchukua maneno yangu kwa kiapo. Lakini wakili amenionya kwamba upande wa mashtaka utasema ni bibi anayekufa, kichwa kimechoka, anamwonea huruma kijana wa watu. Nimeshafuta kila ushahidi, na nilifuta vizuri, na barua zenu za ofisini zilifungwa pamoja na kumbukumbu za wagonjwa. Aliyeliona jedwali kabla ya Ragai ni mmoja tu. Ukisema tena ulichokiona siku ya kwanza, vyumba thelathini vya kijani, na kwamba nilikuthibitishia kwa mdomo wangu, atatoka. Ukinyamaza, neno langu halitafika mlangoni.

Najua litakalokupata. Watauliza kwa nini mkuu wa mifumo alipitisha kitu kile kwa mkono wake, na kwa nini alibadilisha ushahidi ili kumkinga dada yake. Huenda wakakuondoa mwaka mmoja kabla ya kustaafu. Kile nilichokutakia wakati ule kinakuja sasa, na anayekileta ni mimi tena, safari hii kwa ukweli. Sikitaki tena. Laiti ningepata njia ya kumtoa Ragai bila kukugusa. Nimeitafuta siku tatu, sikuiona.

Usije kwa ajili yangu. Sikuombi unisamehe kwa barua, na ukifika usiniulize kama nimekula. Njoo Jumatatu kabla ya saa nne, ukae kwenye kiti cha upande wa dirisha ili karani asikie vizuri, useme ulichokiona.

Nisalimie Yusri, mwambie nimemwachia redio ya baba. Nibusie Jumana. Umm Hani anakusalimu, anasema ukija ulete limau, za huku zimekauka. Ustadh Bahgat naye anakuulizia kila wiki, kama kawaida yake.

Utaanguka mbele ya watu, Safinaz, na watakupenda zaidi kwa hilo. Ragai atakushukuru wewe. Nalijua hilo tangu nilipoanza kuandika, na bado linaniuma. Njoo hivyo hivyo.

Dada yako,
Dawlat